Berlin kwa siku mbili na mfuko mdogo: lipia maelezo, si magurudumu

Kila Machi maonyesho ya utalii ya ITB huwakusanya Berlin wafanyabiashara wa utalii kutoka dunia nzima, na watu wa Arusha, Zanzibar na Nairobi hawakosekani. Wengi hubakiwa na siku moja au mbili kabla ya ndege ya kurudi. Wapo pia wanaofika kwa mkutano, kwa mahafali ya ndugu, au wanaotoka London na Stockholm kuja kupumzika wikendi. Wote hujikuta mbele ya simu wakichambua msururu uleule: basi la ghorofa la kupanda na kushuka utakapo, boti ya mto Spree, matembezi ya bure, kadi ya mtalii, kadi ya makumbusho, tiketi ya siku. Kila kimoja kinaahidi kukuokolea pesa. Ukivinunua vyote, zaidi ya euro 100 zimekwenda na hujala chochote.

Anayeuza safari Arusha anajua bei ya mteja imejengwa na nini: gari, viingilio vya hifadhi, na dereva anayejua simba wamelala wapi. Ziara ya mji imejengwa hivyohivyo. Ni usafiri, mlango na maelezo, vimefungwa pamoja hivi kwamba mnunuzi hajui kila kimoja kinamgharimu kiasi gani. Ukikifungua kifurushi hicho Berlin, utakuta usafiri ni wa bei nafuu, milango mingi yenye maana haina kiingilio, na kilicho adimu ni mtu wa kukueleza unachokitazama. Huu ni mji uliopigwa mabomu ukajengwa upya, ukakatwa na ukuta kwa miaka 28, kisha ukaunganishwa. Mambo yake makubwa mengi hayaonekani kwa macho. Mahali lilipokuwa handaki alimofia Hitler leo ni maegesho ya magari na ubao mmoja wa maelezo. Mtu anaweza kupita hapo asigeuze hata shingo. Kwa hiyo shauri langu ni moja: kwenye usafiri tumia kidogo kadiri inavyowezekana, chagua mlango mmoja au miwili ya kulipia, na pesa inayobaki mpe mtu anayejua kueleza.

Usafiri: nauli ya kawaida inatosha

Berlin ina kanda tatu za nauli. A ni katikati, B inaendelea hadi mpaka wa jiji, na C ni viunga vya nje, ambako kuna uwanja wa ndege wa BER pamoja na miji ya Potsdam na Oranienburg. Ndani ya kanda ulizolipia, tiketi moja inapandia kila kitu: treni za U-Bahn (za chini ya ardhi), treni za S-Bahn (za mjini na viungani), tramu, mabasi, hata vivuko. Wageni wengi hawalijui hilo, hununua tiketi mpya kila wanapobadilisha chombo.

Tiketi ya safari moja ya kanda AB inakaribia euro 4. Inadumu saa mbili, lakini kwa kwenda upande mmoja tu. Hairuhusiwi kurudi nayo ulikotoka. Ya saa 24 ni kati ya euro 10 na 12. Siku utakayopanda vyombo mara tatu au zaidi, chukua ya saa 24 na usiwaze tena. Siku ya kutembea kwa miguu ipo tiketi ya masafa mafupi, inayotosha vituo vitatu vya treni au sita vya basi na tramu. Watoto wasiofika miaka sita hawalipi. Bei hupanda mara kwa mara mwaka mpya unapoanza, hivyo zitazame kwenye programu ya BVG, shirika la usafiri la Berlin, kabla hujaondoka nyumbani.

Kuna mtego mmoja hapa. Stesheni za Berlin hazina mageti. Unateremka ngazi na kuingia treni moja kwa moja, na tiketi ya karatasi uliyoitoa kwenye mashine bado haijaanza kazi. Lazima uichomeke kwenye kisanduku kilichosimama jukwaani, cha njano kwenye U-Bahn na chekundu kwenye S-Bahn, hadi usikie mlio na kuona muhuri wa saa na tarehe. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida kama abiria, na hutoa vitambulisho milango ikishafungwa. Faini ni euro 60. Kusema wewe ni mgeni hakukusaidii, na tiketi safi isiyo na muhuri inahesabiwa kama huna tiketi.

Ukishakuwa na tiketi hiyo ya siku, basi la watalii la kupanda na kushuka halina tena sababu ya kukuchukulia euro ishirini na kitu au zaidi. Basi la kawaida namba 100 linafanya kazi hiyo. Lilianza Novemba 1990, mwaka mmoja baada ya Ukuta kufunguliwa, likiwa la kwanza kuunganisha katikati ya Berlin Magharibi na katikati ya Berlin Mashariki. Linatoka Zoologischer Garten, linazunguka Nguzo ya Ushindi, linapita ikulu ya Bellevue, jengo la Bunge, Lango la Brandenburg, barabara ya Unter den Linden, Kisiwa cha Makumbusho na kanisa kuu, hadi chini ya mnara wa televisheni pale Alexanderplatz. Ni nusu saa hivi kama hakuna foleni. Panda kituo cha mwanzo, asubuhi, nenda ghorofani ukakae kiti cha mbele kabisa. Basi 200 nalo linapitia Potsdamer Platz. La 300 linakufikisha East Side Gallery, kipande cha Ukuta chenye urefu wa zaidi ya kilomita moja kilichochorwa na wasanii mwaka 1990, nacho hakina kiingilio.

Basi 100 halina sauti ya kukusimulia, na hilo ndilo pekee ambalo basi la watalii linalishinda. Lakini simulizi la kurekodiwa lenye sentensi mbili kwa kila jengo halifikii bei hiyo. Nalishauri kwa mtu mmoja tu: mzee au mgonjwa wa miguu ambaye hawezi kubadilisha vyombo.

Kuhusu maji: boti ya Spree ya saa moja ni nzuri, inakupitisha kati ya majengo ya serikali, na ni euro ishirini hivi au zaidi. Mwenye mfuko mdogo anayetaka tu kukaa juu ya maji apande S1 au S7 hadi Wannsee, kisha kivuko F10 kwenda Alt-Kladow. Ni dakika ishirini za ziwa, misitu na mashua za matanga, kwa tiketi ileile ya kanda AB aliyonayo mfukoni. Majengo maarufu hatayaona huko, na ajue hivyo kabla hajaondoka.

Matembezi ya bure yanalipiwa na nani

Mtindo wa matembezi ya kuongozwa yasiyo na bei ulishika kasi hapahapa Berlin mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukaenea Ulaya nzima. Unajiandikisha mtandaoni, unafika Lango la Brandenburg, unamkuta mtu ameshika mwavuli wa rangi, mnazunguka saa mbili au zaidi, na mwisho kila mmoja anatoa anachoona kinafaa.

Lililofichika ni hesabu ya mwongozaji. Kampuni nyingi za aina hii hazimpi mshahara. Bakshishi ndiyo kipato chake chote, na mara nyingi yeye ndiye anayeilipa kampuni kiasi fulani kwa kila kichwa alicholetewa, ndiyo maana watu huhesabiwa au kupigwa picha ya pamoja mwanzoni. Ukiondoka kimya kabla ya mwisho, umemwachia deni. Naona jambo hili ni zito, hasa kwetu tunaotoka nchi ambazo waongoza watalii wengi wanaishi kwa bakshishi vilevile. Euro 10 kwa mtu mzima ni kiasi cha heshima, 15 akiwa amekufundisha kweli. Kama huna hiyo, usijiunge. Mji una njia nyingine za kujifunza bure ambazo hazimkati mtu mkate wake.

Faida ya matembezi haya ni kwamba mwongozaji mbovu hali akashiba, kwa hiyo wengi wanaodumu ni wasimulizi hodari. Hasara ni makundi makubwa, na kwamba anayetegemea kufurahisha watu huvutwa kwenye hadithi tamu kuliko za kweli. Ujerumani haina leseni ya lazima kwa waongoza watalii wa mjini. Yeyote anaweza kuanza kazi kesho. Kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kule Oranienburg, ni tofauti: waongozaji wa nje lazima wawe wameidhinishwa na eneo lenyewe la kumbukumbu. Kuingia huko hakulipiwi, na kwa S1 na tiketi ya kanda ABC unafika bila basi la kukodi.

Kabla ya kulipia maelezo popote, uliza kwanza kama mahali penyewe panayatoa. Topographie des Terrors, palipokuwa makao makuu ya Gestapo na SS, vyombo vya mabavu vya Wanazi, hapana kiingilio. Eneo la Ukuta la Bernauer Straße, lenye urefu wa kilomita 1.4, halina kiingilio. Panda mnara wake uone ukanda wa mauti ulivyokuwa, ukuta wa mbele, mchanga katikati na ukuta wa nyuma. Ukumbusho wa Wayahudi waliouawa, wenye nguzo 2,711 za zege, una kituo cha maelezo chini ya ardhi ambacho nacho ni bure.

Kuba la kioo la Bunge pia ni bure, pamoja na simulizi la sauti linalojua ulipofika na kuendelea lenyewe unavyopanda njia ya mzunguko. Lakini hapo bure haina maana ya kuingia tu. Unajiandikisha kwenye tovuti ya Bunge siku kadhaa kabla, kwa majina na tarehe za kuzaliwa za wote mnaokwenda, na mlangoni unaonyesha pasipoti. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, majina yote matatu kama yamo. Anayekuuzia nafasi hiyo kwa pesa anakuuzia kitu ambacho ungekipata mwenyewe bila malipo, isipokuwa kama ameongeza chakula au mwongozaji.

Kadi

Kadi ya mtalii, WelcomeCard, ni tiketi ya usafiri iliyoongezewa punguzo. Haikupi kuingia bure. Inapunguza bei, aghalabu kwa robo, kwenye sehemu zilizokubali kuwa ndani ya mpango. Chukua bei ya kadi ya saa 48, toa bei ya tiketi mbili za saa 24, na tofauti inayobaki ndiyo bei ya mapunguzo. Kama unakwenda sehemu moja tu yenye kiingilio, haikulipi. Kama umekwisha kuamua boti, mnara wa televisheni na jumba moja la makumbusho, inalipa. Neno la kulizingatia ni hilo la kuamua kwanza, maana ukishakuwa na kadi utajikuta unaingia mahali usipopataka kwa kuwa tu pana punguzo.

Kadi ya makumbusho ni nyingine kabisa. Inaingiza kwenye majumba zaidi ya 30 kwa siku tatu mfululizo, na haina usafiri ndani yake. Kwa mgeni wa siku mbili ni nzito. Tena Jumba la Pergamon, ambalo makala nyingi za zamani bado zinalisifia, limefungwa lote tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati, na sehemu yake ya kwanza imepangwa kufunguliwa mwaka 2027. Makala hizohizo husema Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ni bure. Ilikuwa hivyo kuanzia 2021, lakini jiji lilikata bajeti na mpango ukakoma mwishoni mwa 2024.

Ziara ambayo haipo kwenye vipeperushi

Sasa nifike kwenye kile ambacho ningemwonyesha msomaji wa Kiswahili kabla ya Checkpoint Charlie, kile kituo cha zamani cha ukaguzi kwenye Ukuta, ambako kibanda cha askari ni nakala na hakuna kikubwa cha kuona. Katika mji huu historia yetu imetawanyika kwenye vituo vya treni, na tiketi moja ya saa 24 ya kanda AB inaifikia yote.

Anzia Lango la Brandenburg, ambalo Eliud Kipchoge alilipita Septemba 2022 akielekea kumaliza marathoni kwa saa 2:01:09. Tembea kusini kwa mguu, kama dakika kumi, hadi Wilhelmstraße 92. Utaona majengo ya ghorofa ya enzi ya Ujerumani Mashariki na ubao wa kumbukumbu kando ya njia. Hapo lilisimama jumba la kansela Bismarck ambamo, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, mataifa 14 yalikaa kujipangia masharti ya kuigawana Afrika. Hakuna Mwafrika aliyeitwa. Jumba lenyewe halipo tena, kwa hiyo soma habari zake kabla ya kufika, la sivyo utaona fleti tu.

Panda U6 kuelekea kaskazini, ushuke Naturkundemuseum. Huu ndio mlango mmoja ninaosema uulipie, euro 11 hivi, na ujue Jumatatu wamefunga. Katika ukumbi wa kwanza amesimama dinosaria mwenye kimo cha mita 13.27, kiunzi kirefu kwenda juu kuliko vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa duniani. Ametoka Tendaguru, Lindi. Wajerumani walichimba huko kuanzia 1909 hadi 1913, miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji kuiacha kusini ikiwa na njaa na makaburi. Wachimbaji na wapagazi walikuwa wenyeji, mamia yao, na mifupa, zaidi ya tani 200, ilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Aliyewasimamia kazini aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi la kumkumbuka, *Australodocus bohetii*. Simama chini ya shingo ile uinue kichwa. Kisha tafuta kwenye vibao ni nani waliotajwa na ni nani wasiotajwa.

Rudi U6 hiyohiyo, endelea kaskazini hadi Rehberge au Afrikanische Straße. Huu ni Mtaa wa Kiafrika, ambako hakuna duka la watalii hata moja, ni fleti, miti na wazee wanaotembeza mbwa. Lakini soma vibao vya barabara: Sansibarstraße, Usambarastraße, Tangastraße, Ugandastraße, Kongostraße. Majina yalitolewa kwa ajili ya kutukuza makoloni. Barabara moja iliitwa Petersallee, ilipewa jina mwaka 1939 kumuenzi Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Baada ya miongo ya mabishano na kesi, Agosti 2024 jina hilo liliondolewa. Kipande kimoja sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la shujaa wa Namibia, na kingine ni Maji-Maji-Allee.

Hapa ndipo ningetumia ile pesa niliyookoa kwenye basi la watalii. Barabara hizi bila msimulizi ni barabara tu. Shirika la Berlin Postkolonial limekuwa likiendesha matembezi mitaa hii, na mmoja wa waanzilishi wake, Mnyaka Sururu Mboro, ni Mtanzania mzaliwa wa Kilimanjaro aliyeishi Berlin kwa miongo kadhaa na kupigania mabadiliko ya majina haya pamoja na kurudishwa kwa mabaki ya wafu wetu walioko kwenye makumbusho ya Ujerumani. Waandikie mapema kuuliza ratiba. Haya si matembezi ya kila siku, na mengi hufanyika kwa Kijerumani au Kiingereza. Ukiwa na kundi la watu watano au sita, gharama ya kumwalika mtu anayeijua historia hiyo mkigawana haitofautiani sana na bei ya basi la ghorofa kwa kila mmoja wenu.

Ukirudi Naturkundemuseum, toka nje ukapande tramu M10. Inakupeleka Nordbahnhof na eneo la Ukuta la Bernauer Straße nililolitaja, na ukiendelea nayo hadi mwisho ni Warschauer Straße, karibu na East Side Gallery. Lakini shuka kituo cha Bernauer Straße, uingie U8 kituo kimoja kwenda kusini hadi Rosenthaler Platz, utafute Brunnenstraße 193. Tazama chini. Mlangoni kuna jiwe dogo lenye bamba la shaba, sentimita kumi kwa kumi, lililowekwa 2007. Ni la Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kujulikana Berlin kama Mohamed Husen. Akiwa mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1929 alikuja Berlin kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Hakulipwa. Alifanya kazi ya kuhudumia mezani pale Potsdamer Platz, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza sehemu ndogondogo kwenye filamu. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani wakamfungia Sachsenhausen, akafia huko Novemba 1944. Hakuna tiketi wala foleni hapo, na wapita njia hawajui unatazama nini.

U8 hiyohiyo, bila kubadilisha, inakushusha Hermannplatz katika wilaya ya Neukölln. Jirani na kiwanja hicho ilikuwapo barabara ya Wissmann, Mjerumani aliyeukandamiza kwa risasi upinzani wa Abushiri pwani yetu. Tangu 2021 inaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la binti wa Kilimanjaro aliyekuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa uwaziri katika serikali ya Tanzania. Mitaa hii ina chakula cha Kituruki na Kiarabu kwa bei ya wenyeji, kwa hiyo panafaa kuwa mwisho wa siku.

Na kama ndege ni jioni hiyo, huna haja ya kurudi katikati ya mji. Kutoka Hermannplatz chukua U7 hadi mwisho wa njia, Rudow, kisha basi X7 hadi BER. Uwanja upo kanda C: kama tiketi yako ya AB bado iko hai, nunua ile ya nyongeza ya kanda tu, ya euro mbili na kitu, na uipige muhuri kabla ya kupanda basi.